Dawa ya Wasiwasi na Ini Lililoumia: Swali la Sababu

Je, dawa fulani ya kutuliza wasiwasi inaweza kuumiza ini? Na je, dawa hiyo ndiyo iliyoliumiza ini la mgonjwa huyu aliyelala wodini, macho yamegeuka manjano na mkojo una rangi ya chai ya rangi? Maswali haya mawili huulizwa kwa pamoja na mara nyingi hujibiwa kwa pamoja, ilhali kila moja lina njia yake. La kwanza linahusu dawa kwa jumla na watu kwa jumla. La pili linahusu tukio moja, lililotokea katika mwili mmoja, na ambalo haliwezi kurudishwa nyuma ili lijaribiwe upya. Mtu anaweza kuwa na hakika juu ya la kwanza na bado akakosa la kusema juu ya la pili. Pengo lililo kati yao ni la kifalsafa kabla ya kuwa la kitabibu. Kinachotafutwa ni maana ya kukiita kitu kimoja sababu ya kingine, na kiasi cha ushahidi anachohitaji mtu kabla ya kutoa hukumu hiyo.

Ini linaingia katika habari hii kwa lazima ya kikemia. Dawa inayotuliza akili sharti ifike kwenye ubongo, na ili ifike huko kwa kawaida ni lazima iweze kuyeyuka katika mafuta. Kitu kinachoyeyuka katika mafuta hakitoki kirahisi kwa njia ya mkojo. Huzunguka mwilini mpaka ini likigeuze kiwe chenye kuyeyuka katika maji. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, hasa vya jamii ya saitokromu P450, na katikati ya kazi hiyo huweza kuzaliwa viini vikali kuliko dawa yenyewe, vinavyong'ang'ania protini za seli za ini. Mara nyingi seli huvizima. Zikishindwa, au kinga ya mwili ikizichukulia protini hizo zilizobadilika kuwa adui, seli hufa, vimeng'enya vyake huvuja kwenye damu, na maabara huvikuta huko kwa majina ya ALT na AST. Daktari Hyman Zimmerman wa Marekani aliona kwamba pale seli za ini zinapouawa na dawa kwa wingi kiasi cha kuleta manjano, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hufa au huhitaji kupandikizwa ini jingine. Uchunguzi huo ungali kanuni ya kazi kwa wanaopima usalama wa dawa mpya.

Kuna namna mbili za ini kuumizwa na dawa. Parasetamoli ikizidi sana kipimo huumiza ini la yeyote, na kadiri dozi inavyopanda ndivyo madhara yanavyopanda. Hapo sababu inaonekana wazi na hakuna anayebishana. Namna ya pili haitabiriki: maelfu ya watu humeza dozi ileile ya kawaida bila tatizo, kisha mmoja wao, baada ya wiki kadhaa au miezi, anaingia hospitalini akiwa mahututi. Dawa za wasiwasi zinazoshukiwa zimo karibu zote katika namna hii ya pili, na ugumu wote wa suala hili umetokea hapo.

Hata hivyo, ndani ya kundi hilo hatari hazilingani. Klodiazepoksaidi iliingia sokoni mwaka 1960 na diazepamu mwaka 1963, zote mbili zikitokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach katika kampuni ya Hoffmann-La Roche. Zimetumiwa na mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka 60, na visa vya ini kuumia vilivyoandikwa ni vichache mno; kwa kawaida mgonjwa hupona dawa ikiachwa. Hatari yake kubwa iko kwingine, katika utegemezi na katika kudhoofisha upumuaji zinapochanganywa na pombe au dawa za jamii ya afyuni. Anayeogopa diazepamu kwa ajili ya ini lake pekee anaogopa mahali pasipostahili.

Upande wa pili ziko alpidemu na nefazodoni. Alpidemu ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1991 kama dawa ya wasiwasi, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imeondolewa kwa sababu ya homa kali za ini. Inasikitisha zaidi ukiitazama pamoja na zolpidemu, dawa ya usingizi inayofanana nayo sana kwa umbo la kikemia. Zolpidemu ingali inaandikwa duniani kote, na ini huumia kwa nadra sana. Anayekata hukumu kwa kufananisha dawa moja na nyingine angezitia zote mbili hatiani, au angezisafisha zote mbili, na kwa vyovyote angekosea.

Nefazodoni inahitaji kutazamwa kwa muda mrefu zaidi, maana hesabu yake inafundisha jambo ambalo maneno matupu hayalifikishi. Ilikuwa dawa ya sonona iliyotolewa pia kwa wagonjwa waliosongwa na wasiwasi. Mwaka 2002 nchini Marekani ilitiwa onyo la ngazi ya juu kabisa: kwamba takriban mtu 1 katika kila miaka 250,000 hadi 300,000 ya matumizi ameripotiwa kufa au kupandikizwa ini. Miaka hiyo hupatikana kwa kujumlisha muda ambao kila mgonjwa ametumia dawa. Kiwango hicho kilikadiriwa kuwa mara tatu hadi nne ya kile kinachotokea kwa watu kwa jumla bila dawa hiyo. Sasa achukuliwe mgonjwa mmoja aliyekuwa akiitumia na ini likafa ghafla. Kama hatari imepanda mara tatu, basi kati ya watumiaji watatu wa namna yake, mmoja angeugua hata kama asingeigusa dawa hiyo. Kama imepanda mara nne, mmoja kati ya wanne. Swali la kwanza limejibiwa vya kutosha kiasi cha dawa kuondolewa: nchi za Ulaya zilikwisha achana nayo kufikia 2003, na mtengenezaji wake wa awali aliacha kuiuza Marekani mwaka 2004. Lakini kwa mgonjwa huyo mmoja jibu limebaki uwezekano wa theluthi mbili au robo tatu, na hakuna chombo cha maabara kinachoweza kumtenga aliyedhurika na dawa na yule ambaye siku yake ingefika tu. Tena hesabu hiyo nayo ni ya makadirio, kwa kuwa visa vingi havikuripotiwa kabisa.

Pengo hili lilifikiriwa kwa kina karne nyingi kabla ya maabara. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, alichukua mfano wa pamba inayogusana na moto. Alisema jicho huona kugusana, kisha huona kuungua. Haliioni kamba inayoviunganisha viwili hivyo. Kinachoshuhudiwa ni kwamba kuungua kunatokea pamoja na kugusana, si kwamba kunatokea kwa nguvu ya kugusana. Kwa al-Ghazali mtendaji ni Mwenyezi Mungu, na kawaida ya ulimwengu ni desturi Aliyoiweka. Ibn Rushd alimjibu baadaye katika karne hiyohiyo ya kumi na mbili kwamba anayezikana sababu anaikana akili yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua kilichokifanya kiwe. Mskochi David Hume, mwaka 1748, alirudi karibu kabisa na pale alipokuwa al-Ghazali, ila bila kumtaja Mungu: kilichopo mbele ya macho ni kufuatana, na mazoea ya akili ndiyo yanayoongeza fikra ya ulazima.

Ni rahisi kuudhania ubishi huu kuwa wa madrasa na vyuo, usio na kazi wodini. La hasha. Daktari anayetazama karatasi ya majibu anaona tarehe ya kuanza dawa na tarehe ya manjano. Anaona kufuatana. Kamba haioni, sawa na al-Ghazali, na hali yake ni mbaya zaidi, kwa kuwa pamba huungua kila inapoguswa na moto, lakini ini haliumii kila linapofikiwa na dawa.

Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu cha pili cha Kanuni yake ya tiba masharti ya kuijaribu dawa. Iwe safi, haikuchanganyika na sifa ya kuazima. Ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochangamana na mwingine. Wakati wa athari yake uangaliwe. Ijaribiwe kwa mwili wa binadamu, kwa sababu mnyama si mtu. Na athari ionekane daima, au angalau mara nyingi. Isipokuwa hivyo, ihesabiwe kuwa imetokea kwa sadfa. Masharti haya yana busara ambayo haijachakaa. Lakini hilo la mwisho, likishikwa kama lilivyo, lingeisafisha kila dawa ya wasiwasi iliyowahi kuua kwa ini. Alpidemu haikuwaumiza wengi wa walioitumia. Madhara ya nadra yanadai maana nyingine ya sababu, ambayo haitegemei wingi.

Maana hiyo ilitolewa vizuri na J. L. Mackie, mwanafalsafa wa Australia, mwaka 1965. Nyumba imeungua, na wachunguzi wanasema chanzo ni hitilafu ya umeme. Hitilafu peke yake haiunguzi nyumba. Kulikuwa na vitu vya kushika moto karibu, na hakukuwa na kizimamoto. Wala si kweli kwamba nyumba haiwezi kuungua bila hitilafu. Hitilafu ni sehemu isiyoweza kukosekana katika mkusanyiko mmoja wa mambo, na mkusanyiko huo ukitimia unatosha, ingawa mikusanyiko mingine nayo ingetosha. Ini linaloumizwa na dawa kwa nadra linafanana sana na hili: dawa, jeni fulani, umri, pengine maambukizi mengine yanayoiamsha kinga, vyote vikutane. Flukloksasilini, ambayo ni antibiotiki, ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Jeni moja ya kinga, HLA-B*57:01, huongeza hatari ya ini kuumizwa na dawa hiyo takriban mara 80, na bado walio wengi kabisa kati ya wenye jeni hiyo huimeza bila kudhurika. Bado kuna jambo jingine katika mkusanyiko wao ambalo halijatimia.

Kabla ya kuitia dawa hatiani, kufuatana kwa tarehe kwenyewe kunahitaji kuchunguzwa, na hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Homa ya ini ya virusi haianzi kwa manjano. Huanza kwa uchovu, kichefuchefu, chakula kutopanda, unyonge usioelezeka, usingizi wa mang'amung'amu. Mgonjwa huhangaika, huenda zahanati au duka la dawa, hupewa vidonge vya kumtuliza. Wiki moja baadaye macho yanageuka. Ukisoma kadi yake, dawa imetangulia na manjano yamefuata. Ndani ya mwili, ugonjwa wa ini ndio uliotangulia na dawa ndiyo iliyofuata. Katika hali hii kile kinachoitwa wasiwasi kilikuwa dalili ya kwanza ya ini kuumwa. Anayeshindwa kuuliza "ulianza kujisikia vibaya lini?" na kuuliza tu "ulianza dawa lini?" amejifungia mlango wa ukweli.

Pombe nayo huvuruga hesabu kwa namna yake. Mwenye wasiwasi hunywa ili atulie. Pombe huumiza ini. Akiiacha ghafla wasiwasi hupanda, na ili kumtibu hupewa benzodiazepini, yaani dawa za jamii ya diazepamu, ambazo ndizo dawa zinazotumika kwa kawaida kwa anayeachishwa pombe. Hapo dawa na ini bovu vinakutana kwa mtu mmoja kwa sababu vyote viwili vimeitwa na jambo la tatu. Tena ini likishakuwa na makovu, uhusiano hugeuka kabisa: diazepamu hukaa mwilini muda mrefu kupita kiasi kwa kuwa ini limeshindwa kuivunja, mgonjwa husinzia na kuchanganyikiwa. Ndiyo maana waganga hupendelea lorazepamu au oksazepamu kwa watu hao, ambazo ini huzimaliza kwa njia fupi zaidi. Ini ndilo linaloifanya dawa iwe hatari.

Kisha kuna virusi ambavyo havikupimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima upya damu za watu 318 walioshukiwa kuwa wameumizwa ini na dawa. 9 walikuwa na kingamwili za maambukizi mapya ya homa ya ini E. Kwa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Homa ya ini B imeenea na wengi hawajui kama wanayo, na homa ya ini E imewahi kuzuka kwa ukubwa kaskazini mwa Uganda na katika kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya. Dawa inaweza kubebeshwa kosa la virusi kwa sababu tu kipimo hakikuwepo, na hati hiyo ya kosa ikaingia kwenye vitabu.

Wako waliojaribu kuipangia hukumu utaratibu. Austin Bradford Hill, mtakwimu wa Uingereza aliyeshiriki kuonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, alieleza mwaka 1965 mambo tisa ya kuangalia kabla ya kuliita jambo sababu: nguvu ya uhusiano, kurudiwa kwake na watafiti mbalimbali, kutangulia kwa sababu, kupanda kwa athari kadiri dozi inavyopanda, na mengineyo. Yeye mwenyewe alikataa kuyafanya sheria. Alifanya vyema, maana ini linaloumia kwa nadra hufeli karibu nusu ya mambo hayo. Kutangulia kwa sababu ndiko pekee kusikoweza kusamehewa, na ndiko hukohuko kunakodanganya, kama ilivyokwisha elezwa.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja, kipimo kilichoenea zaidi ni RUCAM, kilichochapishwa mwaka 1993 na Danan na Benichou. Hutoa alama kwa muda uliopita tangu dawa ianze, kwa kasi ya ALT kushuka dawa ikiachwa, kwa pombe na umri, kwa dawa nyingine zilizotumiwa, kwa kuondolewa kwa sababu nyingine kama virusi. Alama 6 hadi 8 huhesabiwa kuwa "kuna uwezekano mkubwa", 3 hadi 5 "inawezekana", na zaidi ya 8 karibu hakika. Kina faida kubwa, kwani kinamlazimisha daktari aulize maswali yaleyale kwa kila mgonjwa. Lakini kina mduara ndani yake ambao haufai kufumbiwa macho. Dawa ambayo tayari imeandikwa kuwa inaumiza ini hupewa alama za ziada. Kwa hiyo sifa mbaya huzaa alama, alama huzaa kisa kilichothibitishwa, na kisa hicho huizidishia dawa sifa mbaya. Dawa mpya, isiyo na jina baya bado, huanza kila kesi ikiwa na upendeleo. Huu ni udhaifu wa mantiki, na mgonjwa wa kwanza kabisa wa dawa mpya ndiye anayeulipia.

Kuzigawa hukumu kwa madaraja hakukuanza na RUCAM. Al-Ghazali, yuleyule aliyekataa kuona kamba kati ya moto na pamba, katika kitabu chake kikubwa cha kuihuisha dini alizigawa sababu tatu. Ziko za yakini, kama maji kwa kiu. Ziko za dhana, yaani zenye kuaminika bila hakika, na humo akaiweka sehemu kubwa ya kazi ya matabibu. Na ziko za kuwaziwa tu. Za yakini kuziacha ni kosa. Za dhana kuzitumia hakupingani na kumtegemea Mungu. Hapa pana jibu kwa muumini anayeona kwamba kuuliza "nani kasababisha" ni kuingilia qadari. Mafundisho hayo hayamzuii mtu kufuata desturi ya vitu. Yanamkataza tu kuipa dhana cheo cha yakini. Ushauri huo ungewafaa pia walioamua kesi ya kava.

Kava ni mmea wa jamii ya pilipili manga unaolimwa katika visiwa vya Pasifiki, hasa Vanuatu, Fiji, Tonga na Samoa. Mzizi wake hupondwa, hutiwa maji baridi, hukamuliwa kwa kitambaa, na kinywaji chenye rangi ya udongo hunywewa kwa kifuu cha nazi, mara nyingi watu wakiwa wameketi kwa duara na kwa taratibu za heshima. Ulimi hufa ganzi, misuli hulegea, akili hubaki macho. Watu wa visiwa hivyo wameinywa kwa karne nyingi. Mwishoni mwa karne ya 20 viwanda vya Ulaya vilianza kuichuja kwa alkoholi au asetoni na kuitia kwenye vidonge vya wasiwasi. Tume ya Ujerumani ya dawa za mitishamba iliipitisha mwaka 1990, na majaribio yaliyoilinganisha na vidonge visivyo na dawa yalionyesha kuwa hupunguza wasiwasi kwa kiasi kidogo. Kisha ripoti za ini kufa zikaanza kutoka Ujerumani na Uswisi. Mwaka 2002 Ujerumani ilifuta vibali, Marekani ikatoa tahadhari, nchi nyingine zikafuata.

Je, kava iliumiza maini hayo? Shirika la Afya Duniani lilipitia visa 93 katika tathmini iliyotoka mwaka 2007. Visa 8 ndivyo vilivyoonekana kuwa na uhusiano wa karibu na kava. 53 viliwekwa kwenye daraja la inawezekana, vingi vikiwa na taarifa pungufu au sababu nyingine zinazoweza kueleza kilichotokea. Waliotetea kava walisema mamilioni ya dozi zimenywewa Pasifiki bila maini kufa. Hoja hiyo ina uzito, lakini si uzito wote inaopewa. Kinywaji cha maji si kidonge cha asetoni. Mizizi ya aina teule si maganda ya shina. Na watu wa Pasifiki hawana jeni zote za Wazungu. Takriban Mzungu mmoja kati ya kumi na wawili au zaidi kidogo hukosa kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 chenye kufanya kazi, hali ambayo ni nadra mno kwa wenyeji wa visiwa hivyo. Kama ndiyo iliyochangia, haijathibitishwa. Vanuatu ilitunga sheria mwaka huohuo wa 2002 kuruhusu aina teule tu kuuzwa nje. Mwaka 2014 mahakama ya utawala ya Cologne iliibatilisha hatua ya Ujerumani, ikiona hatari haikuonyeshwa kwa kiwango cha kuhalalisha marufuku; mwaka 2019 mamlaka ya dawa ikavifuta vibali tena. Ushahidi mpya katika miaka hiyo ulikuwa mchache. Kilichopishana ni jibu la swali la nani abebe mzigo wa shaka: anayemeza kidonge, au mkulima wa kisiwani anayepoteza soko lake.

Hapa swali la sababu linakuwa la maadili, na halikwepeki kwa kusubiri ushahidi zaidi. Dawa mpya ikijaribiwa kwa watu 3,000 bila hata mmoja kuumia ini, kinachoweza kusemwa kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba hatari haizidi takriban mtu 1 kwa kila 1,000. Ili kuikana hatari ya 1 kwa 10,000 wangehitajika watu 30,000, na majaribio ya kabla ya kibali hayafiki huko. Maana yake ni kwamba kila dawa ya wasiwasi huingia sokoni ikiwa na swali lisilojibiwa, na wanaolijibu ni wagonjwa wa miaka ya kwanza, bila kuombwa. Anayedai yakini kabla ya kuonya amekwisha amua kwamba watu hao ndio watakaoilipia. Anayepiga marufuku kwa dhana dhaifu naye ameamua, kwa niaba ya watu wengi waliokuwa wakilala usingizi kwa dawa hiyo na sasa hawalali. Wasiwasi mkali ni ugonjwa wa kweli, si anasa ya wenye nafasi, na kumwacha mtu nao kuna gharama ambayo haionekani kwenye jedwali la ALT. Onyo lenyewe, likitolewa ovyo kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni hofu, huongeza hofu. Na anayeogopa akaziacha ghafla benzodiazepini alizotumia kwa miezi anaweza kupata degedege, madhara yaliyo karibu na hakika kuliko yale ya ini aliyokuwa akiyakimbia.

Kuna jaribio moja linalokaribia kuijibu kesi ya mtu mmoja: ini likishapona, apewe dawa ileile tena. Likiumia upya, shaka imebaki ndogo sana. Jaribio hilo linaweza kuua. Katika kifua kikuu hufanywa kwa uangalifu, mgonjwa akirudishiwa dawa moja baada ya nyingine na damu yake ikipimwa, kwa sababu isoniazidi na rifampisini hazina mbadala mzuri na ugonjwa wenyewe unaua. Katika wasiwasi zipo dawa nyingine na tiba za mazungumzo, kwa hiyo hakuna kinachohalalisha. Matokeo yake ni kwamba ushahidi bora kabisa ni haramu kuutafuta pale unapohitajika kwa elimu tu, na hukumu nyingi zitabaki katika daraja la dhana kwa uamuzi wa makusudi wa kumlinda mgonjwa. Visa vichache vya kava ambamo mtu alirudia dawa na ini likaumia tena ndivyo vinavyozuia mjadala huo kufungwa kwa upande wa utetezi.

Daktari aliye mbele ya mgonjwa mwenye manjano haamui falsafa hii yote. Anaisimamisha dawa inayoshukiwa, au anaipunguza kwa hatua kama ni ya kuzoeleka, anapima homa za ini A, B, C na E, anauliza pombe na mitishamba bila kumhukumu mgonjwa, anaangalia kama ALT inashuka. Kisha anajaza fomu na kuituma kwa mamlaka ya dawa, TMDA kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, ambako ripoti huunganishwa na za nchi nyingine katika hazina ya pamoja huko Uppsala, Uswidi. Mahali pa kujaza kiwango cha uhakika ataandika "inawezekana". Ripoti hiyo peke yake haitamwambia mgonjwa wala jamaa zake kilichotokea ndani ya ini lake. Ikiungana na nyingine kumi kutoka hospitali ambazo hazijuani, inaweza kutosha kujibu swali la kwanza.